UZI: Unakodi kontena la kifusi? Piga hesabu ya uzito kabla ya kuuliza ukubwa

#1 Kipimamaji (mleta uzi)

Wakuu, habari za kazi.

Swali ninaloulizwa sana na watu wanaobomoa au kukarabati ni hili: nikodi kontena la ukubwa gani? Huwa namrudishia mtu swali kwanza: unatoa nini humo ndani? Kontena la taka za ujenzi linaweza kujaa kwa ujazo au kwa uzito, na kwenye kazi zetu uzito ndio unaotangulia mara nyingi. Wengi hawaambiwi hili mpaka siku bili inapokuja, na inaniuma kwa sababu hesabu yenyewe ni ya dakika kumi tu, kalamu na karatasi.

Tuyajue makontena kwanza. Yako yale marefu yanayoburutwa juu ya lori kwa ndoano au kwa waya wa winchi. Yana magurudumu ya chuma chini na mlango mzima unaofunguka nyuma. Hupimwa kwa yadi za ujazo: 10, 15, 20, 30 na 40. Yadi moja ya ujazo ni karibu mita za ujazo 0.76, kwa hiyo la 10 linachukua mita 7.6 hivi, la 20 mita 15.3, la 40 mita 30.6. Halafu kuna yale mafupi yenye ncha zilizoinama, yananyanyuliwa kwa minyororo na mikono miwili ya lori. Hayo ndiyo yanayoingia njia nyembamba, na la yadi 8 (mita 6 kasoro au na ushee) ndilo linalotumika sana kwa kifusi.

Sasa angalieni jambo moja. Kontena la 20 na la 40 kwa kawaida chini yanalingana, takribani mita 6.7 kwa 2.4. Kinachoongezeka ni kimo cha kuta: kwa vipimo vya nje, pamoja na magurudumu ya chini, la 20 lina mita 1.4 hivi, la 40 linafika mita 2.4. Kuta ndefu zimetengenezwa kwa ajili ya vitu vyepesi vinavyokula nafasi. Zege, tofali na udongo huwekwa kwenye kontena fupi, kwa sababu lori lina kikomo cha kubeba na barabara ina kikomo cha uzito kwa kila ekseli (mhimili wa magurudumu). Ukilijaza zege kontena la 40, hakuna lori litakalolinyanyua. Litakaa hapo mpaka upunguze kwa mikono, toroli baada ya toroli, na siku za kukodi zinaendelea kuhesabiwa.

Hesabu yenyewe iko hivi. Chukua sakafu ya zege ya mita 6 kwa 5, unene sentimita 10. Hizo ni mita za ujazo 3. Zege lina kilo 2,400 hivi kwa mita ya ujazo, kwa hiyo una tani 7.2. Ukilivunja linafura, maana mapande hayalali yakabanana. Ongeza nusu, utapata kifusi cha mita 4.5 hivi. Kimwage kwenye kontena la yadi 10 utaona limevuka nusu kidogo tu. Fundi atakwambia bado nafasi ipo, tuongeze na ule ukuta wa uani. Kumbe kwa uzito pengine umeshamaliza kabisa.

Ukuta nao: mita 4 kwa 2.7, unene sentimita 15 pamoja na plasta. Mita za ujazo 1.62, na kwa tofali za kawaida ni kama tani 3. Ukuta mmoja tu wa chumba.

Kinachowaponza watu kuliko vyote ni vigae vya sakafu. Kigae cha milimita 10 kina kilo 22 hivi kwa mita ya mraba, na mtu akipiga hesabu anaishia hapo. Lakini vigae vya zamani vililazwa juu ya saruji na mchanga, na tabaka la sentimita 3 ni kilo 60 nyingine kwa kila mita ya mraba. Kwa hiyo sakafu ya mita za mraba 20 inatoa tani 1.6, na karibu robo tatu yake ni kile ambacho hukukiona wakati unapiga hesabu. Kabla ya kuagiza kontena, ng'oa kigae kimoja pembeni, chimba mpaka ufike kwenye zege, pima unene kwa tepu.

Upande wa pili kuna jipsamu, mbao, makabati, milango, sufi ya dari. Dari ya jipsamu ya mita za mraba 60 kwa ubao wa milimita 12.5 haifiki kilo 600, lakini ikivunjwa ovyo inajaza nafasi kubwa. Hapo ndipo ukubwa wa kontena unapokuwa na maana.

Kwa hiyo: pima urefu, upana na unene wa kila unachobomoa, zidisha kwa uzito wake, jumlisha tani. Kisha jumlisha ujazo baada ya kufura. Ukimpigia simu mwenye makontena mpe namba zote mbili. Akiwa mtu wa kazi atakuuliza mwenyewe. Akikuuliza ukubwa tu na siku tu, mkabe kwa maswali.

Karibuni tujadili.

---

#2 Mama Ukarabati

Shukrani sana mkuu Kipimamaji. Mimi nakarabati jiko na bafu kwa pamoja. Nina makabati ya zamani, vigae vya ukutani na sakafuni, sinki, beseni la kuogea la chuma na kiukuta kimoja kifupi. Vitu vimechanganyika. Hapo nahesabuje?

---

#3 Kipimamaji

Dada, gawa mafungu mawili kwenye karatasi. Fungu la vizito: vigae na saruji yake, ukuta, beseni. Fungu la vyepesi: makabati, milango, mabomba ya plastiki, mbao. Piga tani za fungu la kwanza tu, zile za pili zitakuwa chache. Ujazo upige kwa fungu la pili, ule wa kwanza hautakusumbua.

Makabati yavunjwe. Kabati likiingia zima unasafirisha hewa na unailipia. Toa skrubu, lilaze ubao juu ya ubao, makabati ya jiko zima yanaweza kulala chini ya kontena yakawa tabaka la kufika magotini. Beseni lisikae mdomo juu likiwa tupu. Ama lijaze kifusi, ama liweke pembeni uliuze kama chuma chakavu. Mimi ningeliuza.

---

#4 Dereva wa Tani

Naomba niongee kama mtu ninayekuja kuliacha na kulichukua hilo kontena, maana wengi mnafikiria lililomo ndani tu.

Ninapokuja na kontena kubwa nahitaji njia nyoofu ya mita 18 hivi, kwa sababu lori na kontena linaloteremka vinakaa kwenye mstari mmoja. Juu nahitaji mita 7 ziwe wazi. Kontena linapoinuka pembe yake ya mbele ndiyo inayokwenda juu, na hapo ndipo nyaya za umeme, matawi na mapaa ya vibaraza yanapopata matatizo. Mtu anaangalia chini, anasema nafasi ipo. Angalia juu.

Wakati wa kushusha, uzito wa nyuma unatua kwenye magurudumu mawili madogo ya chuma. Vitofali vya kutandaza uani havihimili hilo, na lami ya uani wakati wa jua kali inazama. Tandazeni mbao nene, za inchi mbili, kwa urefu wa njia ambayo magurudumu yatapita, siyo pale yatakaposimama tu. Na kamwe msinielekeze juu ya shimo la majitaka, chemba, au bomba lililofukiwa juujuu. Mimi siyaoni mashimo yenu, ninyi mnayajua. Yawekeeni alama kabla sijafika.

Mlango hubaki upande wa mbali na lori. Nikirudi kinyumenyume kuelekea nyumbani, mlango unatazama nyumba, na hivyo ndivyo inavyofaa, mnaingia na toroli moja kwa moja. Lakini muache kama mita 2.5 za kuuzungusha. Nimeacha makontena sehemu ambazo mlango unafunguka nusu, halafu watu wanarusha zege juu ya ukuta siku nzima. Migongo inaumia bure.

Upakiaji: vizito chini, visambazwe kote. Mkirundika zege lote upande wa mlango kwa sababu ndiko mnakoingilia, nikinyanyua lori linakuwa jepesi mbele, na hiyo ni hatari kwangu na kwenu. Anzeni ndani kabisa mkirudi nyuma. Na mwisho wa kujaza ni ukingo wa ukuta. Nondo isichomoze, tofali lisikae juu ya ukingo. Nafunika turubai na naingia barabarani, kipande kikidondoka nyuma yangu kuna mtu na pikipiki.

---

#5 Kipimamaji

Nakazia kila neno la Dereva. Na turubai lisisubiri siku ya kuondoka, lifunike kila jioni. Kontena la mita 6.7 kwa 2.4 lina uwazi wa mita za mraba 16. Mvua ya milimita 50 ikipiga humo ni lita 800, yaani kilo 800. Mengine yatavuja mlangoni, lakini jipsamu, zulia, udongo na mbao vitakunywa sehemu yake na kuipeleka mizani. Unalipia maji.

Turubai lina kazi nyingine pia. Kontena wazi usiku linakaribisha magodoro na matairi ya watu usiowajua, na asubuhi ni mali yako.

---

#6 Nondo Kumi na Mbili

Mkuu, uzi mzuri, ila kuna hili la kuchambua taka kwa aina, ambalo wengi humu jukwaani mnalihubiri, naona ni mambo ya vitabuni. Kibarua analipwa kwa siku. Nikimwambia atenge mbao huku, jipsamu kule, chuma pale, nimemaliza faida yote. Bora nitupe vyote humo wakachambue wao.

---

#7 Kipimamaji

Ndugu Nondo, hoja yako ina uzito na naiheshimu. Kibarua akichambua rundo lililokwisha kuchanganyika, ni kweli muda unapotea. Mimi hata sishauri hivyo. Uchambuzi mzuri unatokea kwenye mpangilio wa kubomoa, rundo halipatikani kabisa.

Tazama. Siku ya kwanza toa vinavyofunguliwa kwa bisibisi: milango, makabati, taa, mabomba, nyaya. Shaba na alumini zinawekwa kwenye gunia, hizo ni pesa. Kisha shusha dari na mbao zake. Kuta zikiwa uchi ndipo unapiga nyundo, na mwisho sakafu. Ukienda hivyo, kinachotoka kila hatua ni aina moja, na kinatoka chenyewe bila kibarua kuongeza hata saa moja. Anayeanza na nyundo kubwa ukutani huku dari bado ipo juu ndiye anayepata uji wa jipsamu, waya na tofali ambao hakuna anayeweza kuuchambua.

Faida yake iko wapi? Zege na tofali safi hupokelewa kwenye mashine za kusaga, zikawa kokoto za kujazia chini ya barabara na sakafu. Sehemu nyingi mzigo safi wa namna hiyo hutozwa nafuu kuliko mchanganyiko. Lakini ukitia zulia moja na mifuko ya plastiki, mzigo wote unahesabiwa mchanganyiko. Mzigo mzima, ndugu yangu, kwa zulia moja.

Na ukubwa wa jambo hili si mdogo. Marekani, kwa hesabu za shirika lao la mazingira, taka za ujenzi na ubomoaji zilifika tani milioni 600 mwaka 2018, zaidi ya mara mbili ya taka za manispaa, na zaidi ya asilimia 90 zilitoka kwenye kubomoa. Umoja wa Ulaya kwa sheria yake ya mwaka 2008 ulizitaka nchi wanachama zifikie asilimia 70 ya kurejesha matumizi ya taka hizi, zile zisizo na sumu, kufikia 2020. Hawakuamua hivyo kwa mapenzi ya mazingira peke yake, madampo yana mwisho.

---

#8 Nondo Kumi na Mbili

Hapo kwenye mpangilio nimekuelewa mkuu. Hilo naweza kulifanya bila kuongeza mtu. Ila jipsamu kwa nini kila mtu anaitaka peke yake? Ni unga mweupe tu.

---

#9 Kipimamaji

Ndani ya jipsamu kuna salfeti. Ikifukiwa dampo pamoja na taka zinazooza, kukawa na maji na hewa hakuna, bakteria wanaigeuza kuwa gesi ya haidrojeni salfaidi. Ni ile gesi yenye harufu ya yai viza, na ikizidi inaua. Ndiyo maana Uingereza haikubali jipsamu ifukiwe na taka zinazooza. Ikiwa kavu na safi inasagwa na kutengenezwa ubao mpya, kwa hiyo ina thamani yake. Ikilowa na kuchanganyika na kifusi, haina.

---

#10 Paa la Zamani

Wazee wangu, nyumba ninayokarabati ni ya miaka mingi, paa lake ni yale mabati ya saruji ya mawimbi, ya kijivu. Fundi anasema tuyavunje vipande ili yaingie vizuri kwenye kontena. Niendelee?

---

#11 Kipimamaji

SIMAMISHA KAZI. Ndugu, usivunje hata moja.

Mabati hayo ya saruji ya zamani huenda yana asbesto, yale madini ya nyuzi laini sana. Kwa macho huwezi kujua, kipande kidogo kinapimwa maabara. Shirika la Afya Duniani limeshasema aina zote za asbesto zinasababisha saratani, na ugonjwa huchukua miaka mingi sana kujitokeza baada ya kuvuta vumbi. Bati likiwa zima, limetulia juu, hatari ni ndogo. Likipigwa nyundo, likikatwa kwa msumeno au likifagiwa, nyuzi zake zinapaa na huzioni.

Mpaka upate majibu, lichukulie kama lina asbesto. Mwenye kibali cha kazi hiyo ndiye alishushe: linaloweshwa maji, linafunguliwa zima zima, linafungwa plastiki nzito tabaka mbili, linawekwa alama na kwenda sehemu yake maalumu. Kontena la kifusi la kawaida haliruhusiwi kabisa kulibeba. Ukilitia humo, kontena lote limechafuka, na wale wanaochambua kwa mikono upande wa pili wanalivuta vumbi bila kujua. Hao ni watu, wana familia.

Wengine wenye mashaka kama haya: vifuniko vya kuzuia joto vilivyozungushiwa mabomba ya maji moto ya zamani na vigae vya plastiki vya sakafu vya zamani pamoja na gundi yake nyeusi. Pima kwanza.

Na kwa wote, vitu visivyoingia kwenye kontena hata kimoja: makopo yenye rangi mbichi au tina ya kuyeyushia rangi, betri za magari, mitungi ya gesi, taa ndefu za mirija (zina zebaki), majokofu, mafuta machafu. Matairi muulize mwenye kontena.

---

#12 Paa la Zamani

Nimemwambia fundi ashuke. Mungu akubariki mkuu, natafuta pa kupima.

---

#13 Mama Ukarabati

Kwenye mkataba niangalie nini? Nimetumiwa karatasi, imeandikwa bei na siku basi.

---

#14 Kipimamaji

Bei na siku hazitoshi, dada. Mwambie aandike bei hiyo ina tani ngapi ndani yake na tani ya ziada ni kiasi gani. Hilo ndilo la kwanza na sitachoka kulirudia. Kisha siku ya ziada inatozwaje, na je, ukimaliza mapema anaweza kulichukua mapema. Safari ya dereva iliyopotea bure nayo: dereva akija akakuta gari limeegeshwa mbele ya kontena, au limejazwa kupita ukingo, atageuza na utatozwa. Iandikwe ni kiasi gani. Sakafu ya uani ikipasuka nani anahusika, aseme kabla.

Kama kontena litakaa barabarani na si ndani kwako, ulizia kibali na nani anakikata, na liwe na viakisi mwanga au taa usiku.

Mwisho dai karatasi ya mizani. Iwe na namba ya lori au kontena, uzito lilipoingia na mzigo, uzito lilipotoka tupu. Ukitoa wa pili kwenye wa kwanza unapata mzigo wako. Ukilinganisha na hesabu uliyoipiga mwanzo na zikapishana kwa mbali sana, una haki ya kuuliza, na una karatasi yako ya kuulizia. Karatasi hiyo pia inakuonyesha kifusi kimefika wapi. Kifusi cha nyumba yako kikikutwa kimemwagwa mtoni, wa kwanza kutafutwa anaweza kuwa wewe.

---

#15 Dereva wa Tani

Naongeza: piga picha kontena likiwa tupu siku ya kulipokea na likiwa limejaa siku ya kuondoka. Likija na mlango uliopinda au tundu, onyesha hapohapo dereva akiwepo. Na msiwashe moto ndani yake, kuna watu wanapunguza mbao hivyo. Chuma kinapinda na mlango haufungi tena.

---

#16 Ghorofa ya Tatu

Mimi niko ghorofani, sina uani wala pa kuegesha kontena hata dogo. Nabomoa vigae na ukuta mmoja. Nifanyeje?

---

#17 Kipimamaji

Una njia mbili. Kuna mifuko mikubwa ya nailoni iliyosukwa, yenye mikanda minne, ya mita ya ujazo moja hivi. Mingi imeandikwa kilo 1,000, soma lebo yake. Mfuko wa mita moja ukiujaza kifusi cha zege mpaka juu unazidi tani, kwa hiyo weka alama ya nusu na mwambie kibarua aishie hapo. Uwekwe mahali ambapo mkono wa kreni ya lori unaufikia, kwa sababu ukishajaa hausogei.

Njia ya pili ni lori la kusubiri: linafika, mnapakia kwa saa mlizokubaliana, linaondoka. Hapo kifusi chote kiwe kimeshateremshwa na kupangwa chini kabla halijafika, kwenye viroba ambavyo mtu mmoja anaweza kubeba, kilo 25 hivi. Ukuta ule niliouhesabu juu wa tani 3 ni viroba 120, kwa hiyo panga watu mapema na ukubaliane na majirani kuhusu ngazi.

Na kwa ghorofa kuna jambo lingine la uzito. Usirundike kifusi katikati ya chumba ukisubiri lori. Sakafu za nyumba za kuishi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba, na rundo la kifusi la kufika kiunoni linapita hapo mara kadhaa. Kisambaze karibu na kuta zinazobeba, tabaka la sentimita 10 tu, na ukiteremshe kila siku. Kabla ya kuugusa huo ukuta wenyewe, mhandisi aje aseme kama haubebi kitu.